Magunia ya Lubero Yarudi Kwao

Nasiba wa Ndosho, mjini Goma, alikuwa deklaranti, yaani mtu wa kukutengenezea makaratasi ya forodha ili mzigo wako uvuke mpaka bila kukwama. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuvusha hata kilo moja bila karatasi, na alipenda kujisifia jambo hilo bila haya yoyote. Kisha, Januari ya mwaka 2002, volkano ikalipuka, lava ikateremka hadi katikati ya Goma, naye akavusha magunia themanini na manne ya kahawa mchana kweupe bila kuonyesha kipande cha karatasi.

Afanye nini? Lori lilikuwa limekwisha kupakiwa, linangoja mhuri wa mwisho. Mji mzima ulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na lori likaufuata. Pale kwenye kizuizi hakuna aliyeuliza kitu.

Mwenye kahawa alikuwa Mama Apolline wa Butembo, aliyeikusanya kwa wakulima wa milima ya Lubero. Miaka yote ya uasi kahawa yao ilikuwa ikitoka kwa njia za panya na kufika Ulaya kwa jina la nchi za watu. Mara hii mnunuzi mmoja wa Ubelgiji alikubali kuipokea kwa jina la kwao. Wakulima walifurahi mno, wakaliandika wenyewe kwa rangi nyeusi kwenye kila gunia: LUBERO. Apolline aliwaahidi kwamba jina hilo litafika.

Siku ya tatu Gisenyi, Habarurema, mwenye ghala aliyewahifadhi Nasiba na Apolline pamoja na mzigo wao, mtu mpole kabisa, aliwaonea huruma.

"Ba mama, muandike tu ni kahawa ya huku. Kesho inashika njia ya Mombasa."

Apolline alijifuta majivu usoni. "Nasiba, tukubali. Nimechoka."

Nasiba naye alitamani kukubali, na alijionea aibu kwa kutamani. Ofisi yake ilikuwa chini ya mawe ya moto pamoja na mhuri wake, na miguu ilikuwa imemvimba. Aliokoa ndoo moja tu ya plastiki, na ndani ya ndoo mlikuwa na dosie ya Lubero, makaratasi ya mzigo ule yaliyokosa mhuri wa mwisho tu.

"Hapana, mama," akasema. "Hii kahawa iko mukimbizi. Ilikimbia bila karatasi, sawa sisi. Kama inataka kutoka Kongo, lazima irudie kwanza Kongo."

Habarurema akacheka. "Irudie kwenye moto kusudi itoke?"

"Ndiyo, papa. Ni vile."

Basi asubuhi lori likaingia kwenye msururu wa watu waliokuwa wakirudi Goma na magodoro, masufuria na mbuzi wao. Upande wa Kongo alikaa afisa mmoja wa mpaka, Grégoire, chini ya turubai la shitingi, na daftari moja mezani. Alimfahamu Nasiba, akasikitika.

"Mama Nasiba, niko na registre ya batu tu, benye kurudia. Ya mizigo, mwenzangu alikimbia nayo Sake. Bila kuandika kuingia, siwezi kukupatia mhuri ya kutoka."

Nasiba alilitazama daftari. Makaratasi ndiyo kazi yake, na karatasi isipokuwepo, unatumia iliyopo.

"Andika mu hii."

"Kahawa?"

"Ilikimbia siku ya volkano. Sasa inarudia. Shida iko wapi?"

Grégoire alijikuna kichwa. Kisha akacheka, cheko lake la kwanza tangu Alhamisi ya volkano, akashika kalamu. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, hakuruka swali hata moja.

"Jina ya famille?"

"Lubero."

"Muko bangapi?"

"Makumi munane na ine."

"Kuko mugonjwa?"

"Moja ililowana kidogo."

"Munarudia wapi?"

Nasiba alikuwa amefungua kinywa, lakini Apolline ndiye aliyejibu.

"Kwetu," akasema, na hapo akalia, yeye ambaye hakutoa chozi hata mji ulipokuwa unaungua. Grégoire alingoja anyamaze, ndipo akagonga mhuri.

Kwa kuwa sasa kahawa ilikuwa imeingia, iliweza kutoka. Nasiba akatoa dosie kwenye ndoo, tarehe zikasahihishwa, na kabla ya saa nane lori likageuka na kupita kizuizi kilekile kwa heshima zake zote.

Waasi wengine walikuja Goma baadaye, na wengine baada yao, na Nasiba amekwisha kuhama ofisi mara nne. Kila mara huondoka na ndoo ile. Mkulima wa Lubero akipita kuuliza kama kweli jina lao lilifika, humwonyesha faksi ya Ubelgiji: magunia themanini na manne ya LUBERO yamepokelewa. Kisha humtolea nakala ya ukurasa wa Grégoire, na mara nyingi huo ndio mgeni anaouangalia kwa muda mrefu. Famille Lubero, watu themanini na wanne. Wote wamerudi.