Mama Mkubwa Kwenye Tovuti

Pale mtaani Biwi, kwenye kona ya kuingilia nyumba niliyopanga, takataka zilikuwa zimefika dirishani kwa kinyozi. Nilikwenda kulalamika kwenye ofisi inayohusika, ambayo sitaitaja. Karani aliweka chini kikombe chake cha chai, akanieleza kwa upole kwamba malalamiko hayapokelewi tena kwa mdomo. Siku hizi yote ni kwenye tovuti.

Nilirudi kwenye cherehani yangu, nikafungua hiyo tovuti kwa simu. Juu kulikuwa na wakubwa wakikata utepe. Chini yao, wakubwa walewale wakipeana mikono. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, palikuwa na mahali pa kutoa taarifa. Walitaka picha ya tatizo.

Mama yangu mkubwa alikuwa amefika siku hiyo kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kununua vitambaa soko la Tsoka. Ameongoza kwaya ya kina mama tangu Bukavu, na hakuna jambo la kamera analolichukulia kwa mchezo.

"Foto ya takataka peke yake?" aliniuliza. "Bakubwa batajua aje njo shida ya nani? Ngoja nivae."

Alivaa liputa, kitenge chake cha Pasaka, akafunga kilemba, akajipaka mafuta miguuni. Kisha akasimama mbele ya lile rundo, mkoba mkononi, akatabasamu.

"Mama mkubwa, usicheke. Tunalalamika."

"Mi sijafanyaka foto ya kununa. Piga."

Nilipiga, nikatuma. Yeye akarudi Dzaleka.

Siku chache baadaye kinyozi alinijia mbio na simu yake. Mama mkubwa alikuwa juu kabisa kwenye tovuti, pale walipokuwa wakata utepe. Walimkata kuanzia kifuani, takataka zote zikaondoka, vikabaki mbingu, kilemba na meno. Chini waliandika: Mkazi akifurahia mazingira safi.

Nilikasirika hadi nikashona mkono wa kushoto wa blauzi ya mteja upande wa kulia. Mama mkubwa mwenyewe hakukasirika hata kidogo. Picha ilikuwa imezunguka Dzaleka yote, na watu waliamini amepata kazi serikalini. Mzee mmoja wa Kindu, mwuza samaki wakavu aliyetaka kibali cha kuuza mjini, alimfuata hadi jikoni.

"Mama, ile ofisi inafunguaka siku gani? Nilienda nikakuta kufuli. Nikarudi, banasema nilete foto. Nikaleta foto, banasema na barua. Si bangesema yote mara moja?"

Mama mkubwa hakujua, ila hakutaka kumvunja moyo. Alinipigia mimi. Nilifungua tovuti, nikamkuta yeye mwenyewe ananichekea, lakini saa za kazi hazipo. Ikabidi nipande kabaza, baiskeli ya abiria, niende kuuliza. Kesho yake alipiga tena, kwa niaba ya mtu mwingine. Nikawa mtumishi wa ofisi ambayo haikuniajiri.

Halafu ofisi ikaita wakazi kwenye mkutano wa kuboresha tovuti, na mama mkubwa akaalikwa kwa heshima zote, kama mkazi aliyeridhika. Nilimsindikiza ili nimtafsirie kwa Kichewa, lugha ya huku. Afisa kijana mwenye tai aliuliza tunapenda rangi gani, kijani au buluu.

Mama mkubwa alisimama.

"Rangi iko muzuri," alisema. "Andikeni siku munafungua mulango. Andikeni mutu alete nini, yote, ili asirudi. Na muweke namba ya simu ya mutu mwenye iko na masikio. Na ile nusu ya foto yangu mulikata, murudishe."

Nilitafsiri yote. Afisa hakuelewa hiyo nusu ni ipi, akaitafuta picha kamili kwenye kompyuta yake, ikatokea ukutani mbele ya watu wote: liputa, mkoba, rundo, na mbwa mmoja ambaye hata mimi sikuwa nimemwona. Ukumbi ulicheka hadi afisa naye akacheka, akashukuru, "zikomo, mama", mara nyingi mno.

Lori la takataka lilikuja wiki ileile. Tovuti nayo ikapata saa za kazi, orodha ya vya kuleta, na namba ya simu. Picha ya mama mkubwa waliiondoa kimyakimya.

Alipoambiwa, aliipiga ile namba palepale. Ilipokelewa.

"Banatoa takataka, sawa," alimwambia aliyepokea. "Lakini mi nimewakosea nini?"