Rovu la Mama wa Nshamba

Mama mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Nshamba, aliletwa hospitalini kwetu Bukoba kutolewa rovu kubwa shingoni. Mimi ndiye niliyepaswa kumpa nusukaputi. Kabla sijamchoma dawa alinishika mkono.

“Mwanangu, nitaamka?”

“Utaamka, mama,” nilimjibu, ingawa lile rovu lilikuwa limenitisha tangu asubuhi.

Alipolala, pumzi yake ikawa mikononi mwangu. Nilimfungua kinywa kwa kifaa cha kawaida nikatafuta njia ya hewa, lakini sikuona ila nyama. Mlio wa mashine ukaanza kuwa mzito, maana oksijeni mwilini mwake ilikuwa inashuka. Nikamrudishia hewa kwa barakoa huku jasho likinitiririka.

“Nipe chenye kamera!” nikamwambia muuguzi.

Kilikuwa kipya, nilikuwa nimekijaribu kwenye sanamu ya mazoezi tu. Kwenye kioo chake nikaona tundu jembamba la hewa, limesukumwa pembeni na rovu. Nikapitisha mpira wa kupumulia polepole, na kifua kikainuka.

Jioni, rovu likiwa limeshatolewa, aliamka akanilalamikia kwamba koo linamuuma kwa ule mpira. Nilimpa pole, nikatoka nje nikaketi chini.