Bi Njiani

Pale kituo cha zimamoto hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Njiani, na jina hilo alilipata kazini. Kila aliyepiga simu akilia kwamba nyumba inaungua, alimjibu kwa upole, "Wako njiani." Dereva wa gari la maji humtania kwamba hata mumewe akiulizia chakula huambiwa kiko njiani. Naye hucheka. Ukishinda peke yako katika chumba kile bila wa kukupokea, ukipata cha kucheka unacheka.

Neno lenyewe wala halikuwa lake. Zamani meza ya simu ilikuwa na watu watatu, na uani kulikuwa na magari mawili mazima. Wenzake wakastaafu, nafasi zao zikabaki wazi, na gari moja likapandishwa juu ya mawe kungoja spea. Ndipo mkuu wa kituo akaagiza kwamba mpigaji asiambiwe gari liko kwingine, atapagawa bure. Aambiwe wako njiani, moyo utulie. Mwanzoni neno hilo lilimpa Bi Njiani tabu kulitamka. Lakini mtu akichoka vya kutosha, hata uongo wa aina hiyo unakuwa kazi kama kazi nyingine.

Alasiri moja, gari likiwa upande wa pili wa mji kwenye ghala la magodoro, simu zililia mfululizo. Aliweka hii, akainua ile. Mwanamke mmoja akawa anakohoa, anasema moto wa jiko umeshika pazia na moshi umejaa nyumbani. Mdomo ulijibu kabla masikio hayajasikia vizuri.

"Wako njiani."

"Haya, mwanangu," ile sauti ikasema. "Nawasubiri."

Simu ikakatika. Alikuwa mama yake mzazi.

Alimpigia, simu ikaita bila kupokewa. Akampigia dereva, akaambiwa tanki limekauka na moto wa ghala bado haujazimika. Akampigia fundi seremala, jirani wa mama, naye akatupa randa chini akakimbia. Simu ya mezani ikalia tena. Hakuwa na mtu wa kumwachia, akaiinua.

Jioni alimkuta mama wodini, bomba la hewa puani, nyusi zimeungua. Fundi alikuwa pembeni ya kitanda, viganja vimefungwa bandeji. Alieleza kwamba alimkuta mama ameketi nyuma ya mlango, ameshika funguo. Moto ulikuwa jikoni. Angeweza kutoka muda wote ule.

"Nilitaka niwafungulie mwenyewe," mama akasema kwa shida, "wasije wakavunja mlango. Walikwama wapi?"

Bi Njiani alikuwa na majibu tele: foleni, barabara mbovu, mtaa usio na namba. Alikuwa ameyatoa miaka mingi, yalikuja yenyewe hadi kwenye ulimi. Akayameza. Kwa aibu akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Hawakuwa njiani, mama. Gari halikuwepo."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Mama akavuta hewa ya bomba taratibu. Hakumkemea. Alimshika mkono, akaupapasa kama anayetafuta kitu.

"Kesho ukiingia kazini," akasema, "waambie watu watoke nje."