Swali Lililokosa Mwitikio

Mume wangu alichukuliwa siku ya Jumatano, mwezi wa tisa, mwaka 1998, saa nne asubuhi, mbele ya mlango wetu wa Nyamianda, hapa Uvira. Askari walimfunga kamba kiunoni, wakamtwika sanduku la risasi, wakampandisha njia ya Lemera. Majirani waliona. Hakurudi. Mpagazi mwenzake aliyetoroka ndiye aliyetuambia walikomfukia.

Siku ya kuondoa matanga alikuja msemaji wa askari hao, koti limepigwa pasi, mikono mitupu. Silaha yake ilikuwa mdomo. Kwetu neno la mgeni wa matanga haliachwi likaning'inia. Akiuliza, huitikiwa, kwa adabu tu. Yeye alilijua hilo.

"Je, marehemu hakuipenda nchi yake?"

"Aliipenda!"

"Nchi ilipoita, alijificha?"

"Hakujificha!"

"Basi alichukuliwa, ao alijitolea?"

"Alijitolea!"

Walioitika ni walewale walioiona kamba. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa, na mjane hasemi siku hiyo. Tangu hapo mume wangu akawa mtu aliyeifuata vita kwa hiari. Mwanangu wa mwisho alirudi kutoka shuleni akaniuliza kwa nini baba aliwapenda askari kuliko sisi. Swali hilo nililiweka kifuani kama kaa la moto, wala sikutaka lizimike.

Mwaka 2001 nilianza masomo ya watu wazima kule Kimanga, nikiwa na wajukuu wawili. Wengine walitaka kusoma Biblia. Mimi nilitaka kujua yule mtu alifanyaje. Mwalimu wetu alinieleza: swali la kwanza huwa jepesi, la pili jepesi zaidi, ili mdomo uzoee njia, la tatu hupita kabla akili haijaamka. "Mama," alisema, "huo ni mlango wenye kitasa upande mmoja." Nilimwomba anifundishe kukaa upande wa kitasa.

Mwaka 2006 msemaji alirudi Nyamianda kuomba kura. Aligawa vitenge vyenye picha yake, na ikatakiwa mama mmoja atoe neno la shukrani. Nilichaguliwa kwa sababu ninasema vizuri. Nadhani alikuwa amenisahau. Alinipa kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe.

"Ndugu zangu, huyu baba ni mgeni kwetu?"

"Hapana!"

"Alikuja kwenye matanga yangu, ao hakuja?"

"Alikuja!"

"Na mume wangu, alijitolea, ao alifungwa kamba?"

Midomo ilikwisha kufunguka. Ndipo akili zikaamka. Kisha muuza visamaki vya ndagala mmoja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akasimama.

"Alifungwa! Minye niliona. Kamba iko hapa, kiunoni!"

"Na weye siku ile uliitika nini?" mtu akamchokoza.

"Niliitika ujinga, sawa na weye!"

Watu wakacheka, na kicheko kikageuka kelele: alifungwa, alifungwa. Mwanangu yule, sasa kijana mwenye ndevu, alikuwa amesimama karibu na jukwaa. Alisikia kila neno. Hakulia, wala mimi sikutaka alie.

Msemaji alininyang'anya kipaza sauti. "Ndugu zangu! Je, tunataka kurudi nyuma?"

Akanyamaza, akiwaachia nafasi yao. Hakuna aliyeijaza.

"Je, hatutaki amani?"

Ni nani Uvira asiyetaka amani? Hata hivyo swali lake lilining'inia pale juani, mbele ya watu wote, naye akameza mate. Nilimtazama koo mpaka liliposhuka.

Paroko aliniambia baadaye kwamba kisasi ni cha Mungu. Nilimjibu kwamba mwaka ule Mungu alikuwa na kazi nyingi upande wetu. Kile kitenge nilichogawiwa nilikikata vipande vya kushikia sufuria. Kipande chenye mdomo wake ndicho kilichotangulia kuungua.