Kilima cha Tangi

Asubuhi ile tulikuwa tunabishania kabichi. Hoza, mume wa dada yangu, alitaka tuzikate zote. Mimi niliona hazijafunga vizuri. Wasambaa wawili wa Mtae tulikuwa tumevuka Ruvuma mpaka kaskazini mwa Msumbiji, kulima mboga za kulisha kambi ya wafanyakazi wa gesi, na bado tuligombana kama tuko kwetu. Saidi, mwenyeji tuliyemwajiri kuendesha pampu, alikuwa akitucheka.

Pesa ilikuwepo, nisiseme uongo. Mji wa makuti ulikuwa umepata benki na maduka ya simu. Saidi mwenyewe alikuwa ameoa na kuezeka bati. Tetesi za wapiganaji wa msituni zilipoanza, nilimwambia Hoza turudi nyumbani.

"Shemeji, mtu ana mshahara, ana nyumba ya bati, aende porini kutafuta nini?" alisema. "Tuvune kwanza."

Nikabaki. Ningemwacha peke yake, dada ningemwambia nini?

Siku ile ile ya ubishi wa kabichi, milio ilianza upande wa kambi. Tulidhani ni baruti za wajenzi wa barabara.

Kisha watu wakatokea kwenye mikorosho. Saidi, aliyekuwa ametuaga muda mfupi kabla, alikuwa mbele yao na bunduki.

Sisi watu wa milimani, hatari ikija miguu inapanda yenyewe. Kule ni tambarare tupu. Pa juu palikuwa mahali pamoja tu, kilima cha udongo tulichokijenga kubeba tangi la maji. Hoza alikikimbilia.

Nilimfuata, nikateleza, nikaangukia mferejini.

"Mgosi, panda!" aliniita, kama tunavyoitana wanaume wa kwetu.

Kila mtu alimwona pale juu.

Nililala kwenye tope nikisikia maji ya tangi yakimwagika. Sikuinua kichwa.

Walipoondoka, wapaliliaji wetu wawili, mtu na mkewe, walinitoa, wakanificha kwao, wakanivusha mto. Hoza alibaki huko. Sijui nani alimzika, na hilo linanichosha kuliko yote.

Mwaka huu niliitwa Lushoto kwenye semina. Mtaalamu aliuliza kama uchumi ukikua na vijana wakipata kazi, ugaidi utapungua. Nikaombwa nijibu, kwa kuwa nimeyaona.

"Utapungua," nilisema. "Walionificha nilijuana nao kwa sababu ya kazi. Lakini alibaki mmoja ambaye kazi haikumzuia, na mmoja alitosha."

Wakaandika, tukaenda kula.

Dada alikuwa amenisindikiza. Tulipokuwa tunasubiri basi la Mtae, aliuliza ambalo wenye semina hawakuuliza.

"Huyo Saidi mlikuwa mnampunja?"

"Hapana. Hakuwahi hata kudai nyongeza. Alichokuwa akisema ni kwamba shamba la baba yake lilimezwa na uzio wa kambi. Mzee alipokwenda kuuliza, walinzi walimpiga vibao mbele ya wajukuu."

"Na Hoza alijua?"

"Alijua. Alisema mshahara utamsahaulisha."

Dada akafunga kanga yake upya kiunoni, polepole.

"Angekuwa amepigwa baba yake Hoza," alisema, "mume wangu angesahau?"

Shemeji yangu nilimpenda, nampenda hata sasa, na jibu lilikuwa hapana.