Swali Ambalo Sikumuuliza Saidi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la dawa mtaa wa Msimbazi, mfamasia msimamizi alinisimamisha dirishani akasema, "Kidonge anaweza kukitoa mtu yeyote. Wewe umeajiriwa kuuliza."

Nikauliza kwa miaka mingi. Ukitaka diklofenaki au ibuprofeni, yaani dawa za kutuliza maumivu na kushusha uvimbe, nilikuuliza: umekula? Una vidonda vya tumbo, presha, figo, pumu? Una ujauzito? Kuna dawa nyingine unameza? Maana dawa hizo huchubua tumbo, na ukimeza mbili za jamii hiyo kwa pamoja unaongeza madhara tu.

Kisha nikahamishiwa tawi la mtaa wa Gerezani, chini ya meneja aliyependa foleni fupi. "Mama, wateja wanasubiri," ndiyo ilikuwa salamu yake. Taratibu maswali yangu yakapungua.

Saidi alikuwa mbeba mizigo pale Kariakoo, mtu wa Lindi, mgongo umechakazwa na magunia.

"Shikamoo mama. Nipe diklo, mgongo umeamka tena."

"Marahaba," nikamjibu, nikampa. Sikujua kwamba kila asubuhi alikuwa anameza ibuprofeni ya duka jingine, tena tumbo tupu, ili awahi kushusha mizigo.

Jumatatu moja akaja mkewe. "Mama, Saidi anapata choo cheusi kama lami, na kizunguzungu. Kanituma dawa yake."

Choo cha namna ile ni damu inayovuja tumboni. "Asimeze hata kimoja. Hospitali, sasa hivi." Nikavua koti langu jeupe, tukaenda pamoja kumchukua. Meneja aliniita, sikugeuka.

Aliongezewa damu, akapona, lakini dawa zile akakatazwa, na bila hizo kubeba mizigo hakuweza tena. Wodini nilimwambia ukweli, kwamba sikumuuliza.

"Ungeniuliza ningekwambia, mama." Akageukia ukutani.

Sasa nimestaafu. Magoti yananiuma, na kwa kuwa nina presha, dawa zile sizigusi. Daktari kanipa parasetamo, maumivu yanayobaki navumilia. Majirani bado wananigongea mlango, huyu kiuno, yule jino. Nachoka, na wao wanachoka na maswali yangu.

Saidi anauza machungwa karibu na Mnazi Mmoja. Nikipita ananimenyea moja, ananiuliza habari za afya yangu. Nalila palepale nimesimama, namjibu swali moja baada ya jingine.