Marehemu Aliyekuja Kufunga Ndoa

Tunatangaza kwa masikitiko makubwa, kwa ndugu, jamaa na majirani wote wa Kindu, kwamba Mama Mauwa, muuza mihogo, amefariki dunia kwa mara ya pili. Kifo kimetokea Ijumaa asubuhi ndani ya mashine ya majina ya watu ya komini moja, ofisi ya serikali ya mtaa hapa mjini, marehemu mwenyewe akiwa amesimama mbele yake, amevaa kitenge kipya, ameshika mkono wa bwana harusi.

Kifo cha kwanza kilikuwa cha wakati wa vita. Mauwa alikimbilia porini upande wa Tunda, habari zake zikapotea. Ndugu zake wakaenda komini kumwandikisha kuwa amekufa, kisha wakaweka matanga. Alirudi siku ileile ya matanga, miguu imevimba, akakuta masufuria yanatokota. Shangazi yake Aziza alimkumbatia, akalia, halafu akamnong'oneza: "Kaa kwanza nyuma ya nyumba, mutoto yangu. Watu hawajakula."

Mauwa akala matanga yake mwenyewe, tena akaomba sahani ya pili. Watu walifurahi hata hakuna aliyekumbuka kurudi komini kumfufua.

Miaka ikapita bila shida, kwani muuza mihogo haulizwi kama yu hai. Shida ililetwa na mapenzi. Mzee Mpoyi, mstaafu wa reli, Mkristo wa Kasai, alimtaka Mauwa, Mwislamu wa hapahapa. Padri akakataa, imamu akakataa, ikabaki serikali. Na Mbelu, binti wa mzee, aliyetoka Likasi kuja kumchukua baba yake, akaweka sharti: "Papa, kama Ijumaa haujaoa na karatasi, jioni tunapanda treni sisi wawili."

Juma lililotangulia, Mauwa alipokwenda komini kuomba siku ya ndoa, mashine ilisema: marehemu. Akatumwa ofisi ya jimbo. Kule wakamtazama, wakamgusa bega, wakarekebisha. Akatoka pale akiwa hai kisheria. Ijumaa, mbele ya wageni wote, mashine ya komini ikasema tena: marehemu.

"Lakini jimboni wamerekebisha!" Mpoyi alipiga kelele.

Florentin, fundi wa mashine, alikohoa kama profesa. "Papa, zamani kila swali lilikuwa linakwenda mpaka hifadhi kuu ya jimbo. Tunangoja mpaka chai inapoa. Mimi nikaiambia mashine: jibu ukishalipata, liweke kwenye kumbukumbu yako. Muntu akiuliza tena, usisumbue jimbo, jibu palepale. Sasa iko mbio!"

"Mbio ya kuniulia muke!"

Florentin akaiuliza mashine tena, kwa heshima. Marehemu. Jibu lilitoka kabla hajainua kidole, naye, Mungu amsamehe, akatabasamu kwa fahari.

"Iambie isahau basi," alisema Mauwa.

"Mama, imeshika jibu la juma lililopita, na ya kusahau sijaitengeneza."

"Izime!" Mpoyi alidakia.

"Nikiizima itasahau, ndiyo. Lakini kuiwasha kunataka neno la siri la shefu, mukubwa wetu. Shefu iko Kalima kwenye kilio mpaka Jumatatu, na simu yake haipiti. Munataka leo komini nzima ilale?"

Mama Élisabeth, mfungishaji ndoa, alivua mkanda wake wa bendera, akaukunja taratibu. "Mimi siozeshi maiti. Mukuje Jumatatu."

Jioni, kituoni, Mbelu alimshika baba yake kiwiko kama mtu anayepeleka mbuzi asiyetaka. Mzee alilia mbele za watu. Akaapa atarudi na treni ijayo, na watu wote wakatazama chini, kwa sababu treni ijayo ya Kindu hata Mungu huiulizia. Mauwa alisimama mpaka behewa la mwisho likamezwa na majani.

Florentin alimfuata pale, kofia mkononi, macho mekundu.

"Mama Mauwa, naapa mbele ya Mungu na ya serikali: Jumatatu asubuhi mashine itakutambua kuwa uko hai!"

"Jumatatu niko na kazi," alisema Mauwa.